Kulima Kwanza, Mawe Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilipewa mifuko ya simenti niigeuze. Muzee Ngabu, fundi mwashi wa shirika letu, alinipeleka kwenye chumba cha nyuma cha ofisi yetu ya mtaa wa Mbunya, mjini Bunia, akanionyesha mifuko iliyopangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. "Ya chini ilete juu, ya juu peleka chini. Kila juma. Simenti ikilala upande moja sana, inakuwa jiwe." Nilikuwa nimevaa gauni ambalo mama alinishonea kule Mahagi, maalumu kwa kazi ya ofisi. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa wa kijivu mpaka kwenye nyusi. Shangazi niliyekaa kwake aliniuliza kama nimeajiriwa na shirika au na mashine ya kusaga muhogo.

Ninyi mnaobaki ofisini, mliokuta kabati lenye kufuli na mashine ya kuandika, msinionee huruma. Nilifurahi. Ilikuwa miaka ya sabini, na simenti ilitafutwa Bunia kuliko sukari. Kujua kuitunza ilikuwa elimu kamili, na mimi nilitoka shule ya masista nikijua sarufi ya Kifaransa tu.

Kazi yetu ilikuwa kujenga chemchemi vijijini ili watu wapate maji safi. Mali yetu wenyewe ilikuwa kidogo mno. Marafiki wa ng'ambo, ambao tuliwaita wapartenere, walituma fedha za simenti, nazo zilichelewa kila mwaka bila kukosa. Parokia ilituazima lori siku ambazo halikubeba mahindi. Garaji ya kampuni ya dhahabu upande wa Nizi ilitugawia vipande vya bomba ambavyo haikuvitaka tena. Na raia wa kijiji walitakiwa kuleta mawe, mchanga na mikono yao. Direkta wetu, Citoyen Bahati, alipenda kuchora haya yote ubaoni kama meza ya miguu minne. Halafu alifunga mkutano kwa kusema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Alilisema hilo hata kwenye mkutano wa kuamua nani atanunua chumvi ya ofisi.

Alikuwa mtu mwema, lazima niseme hivyo kabla sijamcheka. Siku zile wote tuliitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, na wanaume wa ofisi walivaa abakosti, lile koti la kufungwa mpaka shingoni. Citoyen Bahati aliipiga yake pasi mpaka ikang'aa, na hata wakati wa jua kali hakufungua kifungo.

Kazi yangu iliitwa animatrice. Maana yake ni mtu wa kuzungumza na raia, lakini Muzee Ngabu alisema siwezi kuzungumza juu ya maji nisiyoyajua, kwa hiyo kwanza alinifundisha chemchemi. Yeye alizaliwa katika kampi ya wafanyakazi wa machimbo, akalaza mabomba miaka mingi, akaondoka kule na mwiko wake, na nivo yake ya kupimia usawa, na maneno machache. Alinifundisha kuchimba kwenye mteremko polepole, kufuata tope mpaka ufike kwenye jicho lenyewe, pale maji yanapotoka ardhini. "Maji usiyabishie," alisema. "Bomba unaiweka chini ya jicho, yenyewe inatoka kwa raha. Ukiiweka juu, maji inakasirika, inaenda kutafuta njia ingine." Neno hilo nimewaambia mafundi wengi waliotoka shuleni. Walioliamini chemchemi zao zinatoa maji. Wengine walijenga kuta nzuri kavu, na ng'ombe wa njia ya Mongbwalu wanazishukuru sana kwa kujikunia mgongo.

Sasa niwaeleze habari ya Dhele, kwa sababu mengine yote niliyojua kazini yalitoka huko.

Dhele ni kijiji kidogo kando ya barabara ya Nizi. Maji yao yalikuwa shimo chini ya mteremko, na ng'ombe walikunywa humo humo. Nilipofika mara ya kwanza nilimkuta Mama Lotsove, mjane mmoja mrefu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, akisukuma povu pembeni kwa kibuyu kabla ya kuchota. Kiangazi kilichotangulia alimzika mjukuu wake kwa ugonjwa wa kuhara. Alinieleza hivyo huku anachota, maana hakuwa na pengine pa kuchota. Nilipatwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Mwaka ule simenti ilichelewa zaidi ya kawaida. Ilifika mwezi wa pili, wakati mawingu yameanza kukusanyika. Lori la parokia liliipeleka Dhele, tukaipanga kwenye mbao ndani ya kapela, kanisa dogo la kijiji, lenye paa la nyasi lililotoboka. Muzee Ngabu naye alikuwa amekwisha kufungua mteremko mpaka kwenye jicho. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mvua ikinyesha kabla ukuta haujasimama, mteremko utaporomoka, simenti itakuwa jiwe, na Dhele watarudi kwenye shimo la ng'ombe. Tena wapartenere walikwisha kutuonya kwamba Dhele ikishindikana, simenti ya mwaka unaofuata itapewa shirika lingine. Tulichohitaji ni mawe na mchanga wa siku moja tu, na watu wa kuvibeba.

Citoyen Bahati alikwenda kwa kapita, mkuu wa kijiji, na kapita akapiga filimbi. Alitangaza salongo siku ya Jumamosi, yaani ile kazi ya pamoja ambayo serikali iliamuru, na asiyekuja atozwe faini. Jumamosi tulifika mapema. Kwenye chemchemi tulimkuta kapita, filimbi yake, na mzee mmoja aliyeketi juu ya jiwe.

"Batu iko wapi?" Direkta aliuliza.

"Bamekimbia salongo, Citoyen."

"Na huyu?"

"Huyu iko na muguu mubaya. Hana mbio."

Citoyen Bahati hakuvunjika moyo. Alisimama mbele yetu akatoa hotuba yake yote, pamoja na chawa. Yule mzee alipiga makofi, na tukarudi Bunia.

Jumatatu nilikwenda peke yangu, nyumba kwa nyumba, na nyumba zote zilikuwa tupu. Watu walikuwa mashambani wakifungua ardhi kabla ya mvua. Nilimkuta Mama Lotsove peke yake katikati ya magugu. Aliniitikia salamu bila kuacha kulima.

"Mama, maji ni yenu. Juu ya nini hamukukuja?"

"Nani aliita?"

"Kapita aliita."

"Ile ni kazi ya Leta. Kazi ya Leta, mutu anapeleka mukono, roho inabaki kwake."

Leta ndiyo serikali, na alitaja neno hilo kama mtu anayetaja jino bovu. Nikasema, "Basi, shirika inawaita."

Hapo alisimama, akaegemea jembe. "Shirika ni nyumba ya nani? Mi nikienda kulima kwa jirani, kesho jirani anakuja kulima kwangu. Siye tukibeba mawe ya shirika, shirika itakuja kulima kwa nani?"

"Lakini mawe si ya shirika, mama. Ni ya maji yenu."

"Weye ndiye iko nayatafuta. Siye sasa tunatafuta shamba. Mvua iko karibu. Nikibeba mawe leo, kisha batoto watakula mawe?"

Alisema kweli. Tuliwapelekea simenti yetu katika majuma yale yale ambayo mkulima hawezi kuazima hata mkono mmoja, halafu tukashangaa kwamba hawaji. Na desturi yao ya kuitana niliijua, maana hata kwetu Mahagi ipo. Nyumba moja inaita, inapika, inatengeneza pombe. Majirani wanakuja kulima. Kisha nyumba ile inakwenda kwa kila mmoja wao kwa zamu. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau. Lakini lazima awepo mwenye kuita, na huyo mwenye kuita awe na mgongo wa kurudisha.

Nikasema bila kufikiri, "Na kama siye tukikuja kulima?"

Mama Lotsove alicheka mpaka akaketi chini. "Shirika? Na ile abakosti?" Alipangusa macho, akanitazama vizuri, na akaona kwamba sitanii. Basi tukapatana pale pale kwenye magugu. Ofisi nzima italima kwanza, kwake na kwa nyumba zitakazokubali. Kisha yeye ataita watu wa mawe kwa jina lake. Pombe ya ndizi, ile kasikisi, ataitengeneza yeye na majirani zake kwa ndizi zao wenyewe. Hilo lilinipa pumzi, maana wapartenere walikuwa wametukataza kununua hata tone la pombe.

Ofisini nilieleza mapatano hayo. Muzee Ngabu ndiye aliyesema kwanza. "Mi sijui jembe. Nilizaliwa kwa kampi." Citoyen Bahati alitazama ubao, pale ile meza ya miguu minne ilipokuwa bado imechorwa. "Wapartenere tutawaambia nini? Kwamba tumechoma mafuta ya gari kwenda kupalilia?"

"Tutawaambia hivyo hivyo, Citoyen."

Alirudi kutazama ubao. Nilidhani ananitafutia maneno ya kunifukuza. Kisha aliuliza, "Majembe tuko nayo?"

Siku ya kulima tulishuka kwenye Land Rover huku Dhele nzima inatutazama. Direkta alikuwa na abakosti yake, na jembe jipya lenye karatasi ya dukani bado imebandikwa. Watoto walisogea kabisa wasikose kitu. Alivua koti, akalikunja, akamkabidhi dereva kama anayekabidhi mtoto mchanga, akatema mate kwenye viganja, akaanza.

Nasema kweli, hatukuwa tunamjua yule mtu. Kumbe alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa Irumu, na miaka yote ile nyuma ya meza mikono yake ilikuwa inawasha. Alitupita sote. Wanaume waliokuja kutazama hawakuvumilia kushindwa na mtu wa biro, yaani wa ofisi, wakachukua majembe yao wakaingia mstarini. Yeye alikuwa anawachokoza kwa sauti, na kucheka kinywa wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona ofisini. Muzee Ngabu alilima kama anayelaza bomba: mtaro mmoja, wa kina, ulionyooka, wenye mteremko sawasawa. Mama Lotsove alikuja kuutazama. "Muzee, siye tunapanda maharagi, hatuziki mutu." Mimi viganja vilipasuka kabla jua halijapanda, na nilijificha kwa aibu, msichana wa Mahagi asiyeweza tena kushika mpini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; sisi tulipewa siku ya kwanza, na tulistahili.

Tulirudi siku kadhaa, shamba baada ya shamba. Mlangoni pa ofisi ya Mbunya tulibandika karatasi: Tuko shambani. Habari ikazunguka Bunia kwamba shirika limefilisika, na jirani mmoja mwenye huruma alimletea shangazi yangu unga.

Halafu Mama Lotsove akaita. Hapakuwa na filimbi. Alisimama tu mbele ya nyumba yake asubuhi na sauti yake ikavuka bonde, na watu wakatoka. Walikuja na mawe kichwani, na mchanga kwenye vikapu, wanawake wenye watoto mgongoni, vijana wakishindana nani atabeba kubwa. Kapita naye alikuja na jiwe, filimbi ameiacha nyumbani. Yule mzee wa mguu mbaya aliketi kwenye jiwe lake akawaamuru wote, na hakuna aliyemsikiliza.

Muzee Ngabu alijenga bila kuinua kichwa. Ukuta ukapanda, bomba la Nizi likakaa mahali pake chini ya jicho, mawe yakajazwa nyuma, na juu yake udongo wa mfinyanzi ambao wanawake waliukanyaga kwa kucheza na kuimba. Upande wa mashariki, kuliko na ziwa, mbingu ilikuwa nyeusi tangu saa sita. Matone ya kwanza yalianguka wakati mfuko wa mwisho wa simenti umefunguliwa na nusu yake bado haijachanganywa. Turubai lilikuwa kwenye gari, mbali juu ya mteremko. Citoyen Bahati alitazama mbingu, akatazama koti lake, ambalo alikuwa amelivaa tena kwa heshima ya siku ile. Akalivua na kufunika mfuko. Sijamwona mwanaume akitoa sadaka kubwa zaidi kanisani. Ukuta tuliufunika kwa majani ya migomba, na kazi ikaendelea chini ya mvua mpaka Muzee akasema inatosha.

Alipochomoa tope alilozibia bomba, maji yalitoka mekundu, kisha kama chai ya maziwa. Kila mtu alimtazama Mama Lotsove. Aliweka mkono chini ya maji, akaunusa. "Kesho," alisema, "yakitakata." Kisha akatupeleka kwenye kasikisi. Direkta wetu alipewa kibuyu mkononi, na kwa kuwa wapartenere hawakutaka mambo hayo, mimi niligeuka kutazama mlima.

Lile koti, lililolowa simenti, lilikauka likasimama lenyewe. Lilikaa kwenye pembe ya ofisi juma zima, na Muzee Ngabu alilisalimu kila asubuhi, "Jambo, Citoyen," kabla ya kumsalimu mwenyewe.

Kiangazi kilichofuata muuguzi wa dispensari alituambia kwamba watoto wa Dhele wanaletwa kwa malaria na kwa kuanguka kwenye miti, kama watoto wote, lakini kuhara kule hakukuonekana. Nililia ndani ya gari. Dereva alipouliza nikasema ni vumbi, na barabara ya Nizi ilinisaidia, kwa kuwa siku zote ina vumbi la kutosha.

Tangu hapo, "kulima kwanza" ikawa njia yetu. Wapartenere walitaka maelezo, tukawapa, wakatuma mgeni aje aone ushiriki wa raia kwa macho yake. Tulimpeleka shambani tukampa jembe. Siku ya kuondoka alituonyesha viganja vyake vilivyovimba, akasema ametembelea mashirika mengi, lakini kwetu ndipo alipoambiwa ashiriki yeye. Wapartenere walizidi kutuletea simenti, ingawa kuchelewa hawakuacha. Si kwamba jembe lilifungua kila mlango. Kule Mongbwalu watu wanachimba dhahabu, na walipoona majembe yetu walituuliza kama tumepotea. Pale ilibidi tubebe changarawe mtoni pamoja nao. Muzee Ngabu alifurahi mno, mwishowe amepata kazi anayoijua. Amefariki sasa, na mkikuta ukuta usio na ufa katika nchi hii ya Ituri, mjue ni wake.

Na mimi nimefika mwisho wa zamu yangu. Mlinifanyia sherehe nzuri, soda zilitosha, hotuba zilizidi. Juma lililofuata nilikwenda Dhele kuaga. Chemchemi inatoka vizuri. Niligundua bomba ni jipya: wanawake walikwenda wenyewe Nizi kuliomba garajini, wakalipachika, wala hawakuona sababu ya kutuarifu. Mama Lotsove amepinda mgongo sasa, lakini sauti ni ile ile.

"Mama, nimekuja kuaga. Nimepata retraite."

"Retraite ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa. Ni kusema kazi yangu imeisha. Shirika itatuma mutu mwingine."

Alitafuna neno hilo kidogo. "Shirika itume mutu yake, ni muzuri. Lakini mi sikulimaka na shirika. Nililima na weye. Mujukuu yangu anaita juma hii, shamba yake iko pale ng'ambo. Kuja na jembe."

Nilijaribu kumweleza kwamba sasa sina gari, sina simenti, sina cha kuwaletea. Alinitazama kama siku ile ya magugu. "Nani ameuliza simenti?"

Basi nilipanda lori la soko na jembe langu, nikaingia mstarini kati ya wanawake wawili waliokuwa wakibishana juu ya bei ya samaki. Jua lilipopanda, gari la shirika lilisimama barabarani, na mmoja wenu akashuka. Sitamtaja jina, anajijua. Hakunitambua, maana mtu aliyeinama shambani ni mgongo tu kama migongo mingine. Alikuja mpaka ukingoni mwa shamba akapaza sauti kwa adabu, kama nilivyomfundisha:

"Jambo yenu, raia!"

Tukaitikia sote.